Pini Nne Ubaoni

Nyambura mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu asubuhi nimekuona ukimaliza mandazi manne na kutia la tano mfukoni. Hali yako naijua. Yangu ndiyo mbaya. Naogopa. Naogopa tangu siku uliyoniwekea tikiti ya Kisumu hapa kwenye kaunta, na leo, wewe ukiwa umeenda Ndabibi kumuaga shangazi yako, nimefunga saiba na kompyuta zake zote mchana kweupe nikakaa na karatasi hii. Wateja wanagonga, mimi nimenyamaza kama sipo. Hata mwandiko wangu wa ukarani, ule niliokuwa nikiringa nao, leo umepinda.

Mambo ya kufua na kula na kulala mapema sitayagusa. Ukishindwa na hayo ukiwa na miaka kumi na tisa, barua haitakusaidia. Kuna jambo moja tu nataka ulijue utakapokuwa huko Kisumu katika nyumba ya Otieno, ukiketi mezani pake. Nimelificha tangu Januari. Nimejaribu kukuambia mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama umeanua nguo.

Nivumilie nianzie mbali. Unajua kwamba kabla ya saiba hii nilikuwa karani wa chama cha wafugaji wa maziwa kule Rongai, miaka ishirini na miwili. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano. Waliohudhuria, walioomba radhi, nani alisema nini, nani alimuunga mkono. Mwenyekiti wetu alikuwa akisema, "Mama Nyambura akiandika, hata aliyekohoa yumo." Sifa hiyo ilinilewesha. Niliamini kwamba mtu akishaandikwa vizuri, amewekwa mahali salama.

Basi mwaka jana, ulipokuwa umemaliza kidato cha nne na unashinda hapa na wenzako usiowahi kuwaona kwa macho, mimi sikuelewa mnachofanya. Ulinieleza ukiwa umechoka kunieleza. Ni programu huria, ya kuandalia ripoti za wanafunzi. Haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoshonwa ndani, akiirekebisha anawapa wengine bure. Nikachungulia kwenye skrini nikaona majina: Nyati, Solda, Chungwa. Chungwa alikuwa wewe.

"Kwani jina nililokupa lina tundu?" nilikuuliza.

"Mum, huku kila mtu ana lake," ukasema. "Hakuna mtu anajali wewe ni wa wapi. Wanaangalia tu kazi yako."

Maneno hayo ningeyasikia vizuri siku hiyo, nisingekuwa naandika barua hii.

Halafu mwezi wa kumi na moja ukanijia na ombi. "Tuko watu kumi na wanane na hatujawahi kuwa online pamoja hata siku moja. Si utuhostie mkutano hapa? Wewe unajua mambo ya mikutano." Nilifurahi mno. Tangu nitoke Rongai hakuna aliyewahi kuniambia kwamba najua jambo. Jumamosi hiyo nilivaa ile nguo yangu ya kanisani ya zambarau, ingawa mkutano ulikuwa wa maandishi matupu na hakuna ambaye angeniona isipokuwa wewe. Nilipiga chapa ajenda saba.

Nilianza kwa maombi. Niliandika sala yote, wewe ukijificha uso kwa viganja, kisha nikangoja watu waandike Amina. Zilikuja moja moja kama wazee wanaoshuka ngazi. Yule wa Mai Mahiu, aliyekuwa amekodi kompyuta karibu na kituo cha malori, Amina yake ilifika tukiwa ajenda ya tatu. Wote waliandika vicheko, na mimi nikacheka, na nikaona kwamba nafaa.

Ndipo nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote. Niliandika: "Kabla ya kuendelea, kila mtu ajitambulishe. Majina yake yote, nyumbani kwao ni wapi, kwa sasa anaishi mtaa gani na ploti gani, na nambari ya simu." Katika mkutano wowote wa hapa kwetu, uwe wa kanisa au wa maziwa, hilo ndilo jambo la kwanza. Mtu hasimami kusema kabla watu hawajajua ametoka wapi.

Kisha Nyati akaandika: "Mathe, kwa heshima. Huku sisi hutumia haya majina tu. Inatosha."

Nikamjibu: "Mkutano usio na majina ni genge."

Wewe ulinigusa kiwiko. "Mum, wacha tu." Nikakuambia unyamaze, mwenyekiti ni mimi. Wakaanza kujitambulisha, mmoja baada ya mwingine. Nyati alikuwa wa mwisho. Aliandika majina yake matatu, na nilipoona lile la kwanza, Otieno, nilijua kwao ni upande wa Kisumu kabla sijasoma mengine, jinsi sisi sote katika nchi hii tunavyojua, tusijifanye. Akaandika kwamba anaishi hapa hapa Nakuru, ploti ya mabati ya kijani nyuma ya kinu cha unga, na mke na mtoto mchanga. Alitoa yote hayo kwa adabu, kwa sababu nilikuwa mama wa Chungwa na yeye amelelewa kuheshimu mama wa mtu.

Tulipofika ajenda ya nne stima ikapotea. Nilikaribia kutoa machozi, nikiamini nimewaharibia siku. Iliporudi baada ya dakika arobaini tulikuta wenzako wameendelea, wamegawana kazi, wamemaliza ajenda mbili. Nilikasirika badala ya kufurahi. Nilitaka wawe wamekaa gizani wakinisubiri. Nakukiri hilo kwa sababu kesho ukiondoka nitataka tena vivyo hivyo, na usikubali.

Kumbukumbu zangu zilitoka kurasa mbili safi. Nyinyi desturi yenu ni kwamba kila kitu kiwe wazi, kwa hiyo tukaziweka kwenye ukurasa wa kikundi, na nikawaomba wenye kurasa zao waweke nakala, zisipotee. Kisha mimi, kwa maringo yangu mwenyewe, nikapiga chapa ukurasa wa kwanza, wenye orodha ya waliohudhuria, nikaubandika pale kwenye ubao wa matangazo, kati ya tangazo la kwaya na lile la masomo ya kompyuta. Pini nne, moja kila pembe. Wateja walikuwa wakiusoma wakingoja zamu, na mimi nilipita mbele yake nikijisomea upya.

Halafu kura, na vita vya makabila baada yake. Januari sihitaji kukueleza, ulikuwepo. Ulisikia ulichosikia na ulinusa ulichonusa. Lakini ile asubuhi mji wetu wenyewe uliposhika moto, ulikuwa bado umelala mimi nilipokimbia hapa kuficha mashine. Nilipoinua shata ya mlango, mwanga ukaangukia ubao. Tangazo la kwaya lilikuwepo. La kompyuta lilikuwepo. Katikati palikuwa na pini nne na vipembe vinne vya karatasi.

Aliyeing'oa simjui mpaka leo. Hata siku aliyoing'oa siijui. Pengine ilikuwa wiki nzima imeondoka na mimi sikuona. Pengine ni mtoto aliitaka ya kuchorea. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka nimeandika nini, na nilikumbuka kila neno, maana ni mimi niliyeandika. Nilikuwa nimeandaa orodha ya watu, makabila yao yakisomeka katika majina, na mahali wanapolala.

Nilirudi nyumbani nikimwazia Otieno. Nambari yake nilikuwa nayo kwenye faili. Lakini sebuleni walikuwa wamejaa majirani waliokimbilia kwetu na watoto wao, watu wa kabila letu ninaosali nao, na kwa mara ya kwanza nilimtazama kila mmoja nikajiuliza kaka yake yuko wapi saa hiyo na ameshika nini. Nikaingia jikoni. Nikabonyeza nambari. Mama Joyce, mmoja wao, akaingia kutafuta maji ya mtoto.

"Unapigia nani, Mama Nyambura?"

"Shangazi yake," nikasema, na nikakata kabla haijalia.

Hiyo ilikuwa saa nne. Nilipojaribu tena ilikuwa saa nane, na simu yake ikawa imezimwa. Masaa manne mazima, Nyambura. Niliogopa jina la Otieno lisikike likitoka kinywani mwangu. Sikuogopa kufa, maana hakuna aliyekuwa akinitishia. Niliogopa macho ya Mama Joyce.

Sasa nafika mahali penyewe. Kwenye saa tano ulinifuata jikoni. Ulikuwa umevaa sweta ya baba yako, mikono imekumeza. "Mum, Nyati yuko sawa? Umempigia?"

Nikakuambia, "Nimeongea naye. Yuko salama. Wameshatoka kwa hiyo ploti."

Nilikudanganya. Sikuwa nimeongea naye. Nilisema hivyo ili usitoke getini kwenda kumtafuta, kwa sababu nilikuona umeshavaa viatu. Huo ni ukweli mmoja. Wa pili ni kwamba nilitaka, kwa dakika moja tu, kuwa mtu aliyepiga ile simu.

Ulishusha pumzi, ukatoa simu yako, ukawaandikia wenzako wote: "Nyati yuko salama, mum ameongea naye." Nilitazama kidole chako kikibonyeza. Ningeweza kukushika mkono. Nilimenya viazi.

Yule mwalimu wa Rongai wa kikundi chenu, mwenye pikapu, alikuwa ameshawasha gari aje kumchukua Otieno na familia yake. Alipata ujumbe wako akazima. Mwezi wa tatu alikuja hapa akanisimulia hayo akimshukuru Mungu kwamba nilimpigia Otieno mapema, na mimi nikamkaribisha chai.

Mtu mmoja tu hakupata ujumbe wako. Ni Njoroge, fundi wa redio, huyo mnayemwita Solda. Kwao stima ilikuwa imekatika siku mbili na simu ilikuwa imekufa. Yeye alikuwa amesoma kumbukumbu zangu tangu Novemba, na humo ndimo alimojua kwamba Nyati, aliyebishana naye miaka miwili mtandaoni, anaishi ploti ya tatu kutoka karakana yake. Walikuwa hata hawajasalimiana. Saa saba mchana alisukuma mkokoteni mpaka kwenye mabati ya kijani, akampakia Akinyi, mke wa Otieno, na mtoto, akawafunika na maganda ya televisheni mbovu. Otieno alitembea nyuma ameshika koleo kama msaidizi wa fundi. Aliwaingiza karakanani akafunga.

Nusu saa baadaye watu waliingia ile ploti wakimwita Otieno kwa majina yake matatu. Njoroge alisimuliwa na majirani waliokuwepo. Pale plotini kila mtu alimjua kama Baba Baraka. Hata mwenye nyumba jina la tatu hakuwa nalo. Waliyataja kwa mpangilio niliotumia kuyaandika mimi. Walipokosa mtu wakachoma chumba.

Njoroge alikuja hapa siku ya tatu, macho mekundu, bado ananuka moshi, na unajua aliniambia nini? "Mathe, bila zile minitsi zako za mkutano singejua jirani yangu ni nani. Zimewaokoa." Alikuwa anatabasamu. Niliomba kiti.

Mtu mwingine angelichukua neno hilo akalilalia kama mto. Mimi siwezi. Karatasi iliyompeleka Njoroge huenda ndiyo iliyowapeleka wale, na tofauti yao ilikuwa nusu saa na mkokoteni. Kila ninapofunga macho nahesabu hiyo nusu saa. Naliona gurudumu moja likipasuka. Namwona mtoto akilia chini ya zile televisheni.

Na habari za moto zilipokufikia wewe, ulinijia. "Lakini si uliongea naye?" Nikasema pengine alirudi kuchukua vitu. Uongo juu ya uongo. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yangu mimi niliirefusha miezi tisa. Nimeona unavyofanya tangu siku hiyo. Huwezi kutuma habari ya mtu kabla hujaisoma mara tatu, na kuna siku ulikaa robo saa ukiangalia "tuma" bila kuibonyeza. Ulidhani kosa lilikuwa kwenye kidole chako. Mwanangu, ulituma ulichoambiwa na mama yako. Mtoto atamwamini nani kama si mama yake? Kosa ni langu lote, na naliandika hapa kwa mwandiko wangu ili usije ukaliokota tena.

Orodha tuliifuta, hiyo unajua, ulinisaidia ukidhani ni tahadhari tu. Lakini nakala nilizoomba ziwekwe ziliwekwa kweli. Kompyuta ya Otieno iliungua na kazi yake yote, na ndani ya wiki moja wenzenu walikuwa wameirudisha programu nzima, kwa sababu kila mtu alikuwa na nakala. Mlishangilia hapa mpaka nikawaletea soda. Mimi nilikwenda chooni kulia. Desturi ileile iliyofanya programu isife ndiyo itakayofanya orodha yangu isife. Wenye nakala wameniapia wamezifuta. Siamini. Kuna asubuhi nafungua mashine kabla hujaamka natafuta yale majina, moja moja.

Sikuhubirii. Anayehubiri huwa amelala vizuri. Nakuambia tu nilichokiona. Mtu akikuambia "inatosha," anajua anachokilinda kuliko wewe unavyojua unachokitaka. Mwachie. Na ukiwa mwenyeji wa watu, hata kama ni watu wawili na chai, usiwaulize jambo ambalo hungeweza kuwafichia siku mambo yakiharibika. Halafu ukiogopa, sema umeogopa. Uoga wangu haukuwahi kuniambia jina lake. Ulikuja umevaa nguo ya utaratibu, kisha ukaja umevaa nguo ya mama anayemlinda mwanawe, na mara zote mbili niliukaribisha ndani.

Jumanne nilimpigia Otieno huko Kisumu alikokimbilia. Nilijiambia sitakuachia uende kulala kwa mtu ambaye hajui. Nilimweleza yote: simu niliyoikata, niliyokuambia wewe, ile pikapu iliyozimwa.

"Mathe, hiyo ya simu sikujua," akasema.

Nikangoja. Nikamsikia mtoto kwa nyuma, sasa anatamka maneno.

"Akinyi nitamwambia mimi mwenyewe. Polepole."

Sikumwomba anisamehe palepale, na hakunisamehe palepale. Nilimuuliza, "Basi msichana asije?"

"Aje. Kitanda tushaweka." Kisha akashusha sauti. "Lakini mathe, hapa mtaani bado kuna watu wako na uchungu. Wengine walirudi kutoka huko kwenu bila watu wao. Nimewaambia kuna msichana anakuja kufanya kazi na mimi, anaitwa Chungwa. Hilo tu. Kama kuna mwenye kutaka kujua lingine, ataniuliza mimi, na mimi sitajibu. Inatosha?"

Nyambura, yule mtu alikuwa ananipa kile nilichomnyima mbele ya watu kumi na saba. Na alikuwa ananiuliza kwa neno lilelile, sijui kama alikumbuka. Nililia kwenye simu kama mjinga, na yeye akangoja, na salio lilikuwa langu lakini kungoja kulikuwa kwake.

Bado naogopa. Mtu asikudanganye kwamba kuungama kunaondoa hofu. Imebadilisha mahali pa kukaa tu. Naogopa barabara yote hadi huko, naogopa mtu sokoni atakayekutazama mara mbili, naogopa siku utakayosahau ukaitika jina lako. Inaniuma kwamba nakupeleka ukiwa umeacha jina nyumbani kama koti. Lakini nitalitunza. Nilikupa mimi, jina la mama yangu, na litakuwa hapa siku utakayorudi kulichukua.

Zile pini bado ziko ubaoni. Umeniuliza mara ngapi mbona siziondoi, nami nikakuambia zitafaa. Sasa unajua zinafanya kazi gani.

Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, chini ya sweta ya baba yako. Najua utaikuta ukiwa umeshafika, kwa sababu wewe hufungui begi mpaka ulazimike. Ukimaliza kuisoma, ichome. Na kama umenikasirikia, kasirika, una haki, usiharakishe kupoa kwa ajili yangu.

Halafu nipigie. Unajua mimi, nitataka kukuuliza mtaa, ploti, rangi ya geti, nani anaishi mlango wa pili. Nikianza, nikatize. Usiniambie hata kimoja, wala usiniandikie. Sema tu, "Mum, ni Chungwa."

Inatosha.

Mama yako